Mkurugenzi Asiondoke na Leja

Miaka kadhaa iliyopita, ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi hapa Nairobi ilinituma kumsaidia mfilisi, yaani msimamizi wa kukusanya mali na kulipa wadai, kuhesabu mali ya kampuni ya vyakula iliyofungwa kwa amri ya mahakama. Chumba cha uhasibu tulikikuta kimefagiliwa. Mafaili ya zamani yalikuwa rafuni, yamepangwa vizuri. Ya miezi kumi na minne ya mwisho hayakuwepo, na kompyuta mbili zilikuwa zimeng'olewa diski. Wakurugenzi walikuwa wamezima simu.

Siku ya tatu alikuja mama aliyekuwa akiwauzia mayai. Alibeba mfuko wa plastiki uliojaa risiti za kupokelewa mzigo, zile za karatasi laini ya mashine. Mfilisi alizikunjua moja moja mezani. Nyingi zilikuwa zimefifia zikabaki nyeupe, na kwa mbali ukiona kivuli cha nembo na nusu ya tarehe.

"Mama, huna karatasi nyingine yoyote?"

"Mwanangu, hizi ndizo walizonipa. Nikileta mayai, wao wenyewe walikuwa wakiandika kwa kitabu chao."

Deni la mama yule lilikuwa kwenye kitabu hicho, yaani leja, na kitabu kilikuwa kimeondoka na wenyewe.

Tangu siku hiyo sikubali mtu akiniambia kwamba hesabu za kampuni inayofilisiwa ni karatasi za kutimiza sheria tu. Sheria yetu ya Ufilisi ya 2015 inataka wakurugenzi waeleze kwa kiapo hali ya mali na madeni: kampuni ina nini, inadaiwa na nani, kiasi gani, na ni mdai yupi ameshikilia dhamana, tangu lini. Mkurugenzi akiandika ukweli, jina la muuza mayai linaingia kwenye orodha hata kama risiti zake zimefutika zote. Asipoandika, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia mtu asiye na mhasibu wala wakili.

Na mtu huyo tayari yuko mkiani. Benki yenye dhamana inategemea dhamana yake. Katika mali inayobaki, gharama za ufilisi hutangulia, kisha mishahara ya wafanyakazi, nayo ni ya miezi 4 tu na isiyozidi shilingi 200,000 kwa kila mmoja, kisha kodi. Kinachosalia ndicho wanachogawana wauzaji wa kawaida. Kwa hiyo kila lori lililohamishiwa jina la shemeji mwezi mmoja kabla ya kufunga limetoka kwenye fungu lao. Mfilisi ana uwezo wa kulifuata lori hilo kortini, lakini kwanza ajue kwamba liliwahi kuwepo.

Tumeliona hili hata kwa wakubwa. Chase Bank ilitoa hesabu za 2015 mara mbili ndani ya siku chache, na zile za pili zikaonyesha mikopo ya watu wa ndani ikiwa mikubwa kuliko ilivyosemwa mwanzo. Wenye akaunti walikimbilia pesa zao, na Aprili 2016 benki ikawekwa chini ya mpokezi, yaani msimamizi aliyeteuliwa kuishika. Nakumatt, iliyokuwa na supamaketi nyingi, ilikuwa kampuni ya kifamilia ambayo hesabu zake umma haukuziona, hivyo wauzaji wengi waliendelea kupeleka bidhaa kwa mkopo hadi rafu zilipoanza kukauka. Januari 2020 wadai walipiga kura ifilisiwe.

Wakurugenzi wana utetezi mmoja ambao nimeusikia mara nyingi: pesa zimeisha, tutamlipa mhasibu na nini? Ninauelewa kwa upande wa ukaguzi kamili, maana ukaguzi ni ghali. Lakini kuorodhesha unaowadai na wanaokudai hakuhitaji mkaguzi. Mtu aliyeendesha biashara miaka kumi anajua anadaiwa na nani. Huwa anawakwepa kwa majina!

Kinachoniuma zaidi ni urahisi wa kuanza upya. Mahakama inaweza kumzuia mkurugenzi asiendeshe kampuni nyingine, ila lazima mtu aende kortini, alipe wakili, angoje. Wakati huo huo mkurugenzi yule anaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kusajili kampuni mpya kwa kitambulisho kile kile na PIN ile ile ya KRA, mamlaka ya kodi. Serikali tayari ina nambari hizo. Ninaomba jambo moja: ambaye hajawasilisha maelezo ya hesabu kwa mfilisi, mfumo umkatae akijaribu kuandikishwa kuwa mkurugenzi kwingine, mpaka awasilishe. Mwenye sababu ya kweli, kama ugonjwa au moto, amweleze mfilisi apewe muda.

Mama wa mayai aliandikiwa deni la risiti sita zilizosomeka. Nyingine alizirudisha mfukoni, akaniuliza kama kuna dawa ya kurudisha wino.