Nyumba Hii Inauzwa, Tafadhali Usiikalie

Dalali alizunguka nyumba yangu ya Tabata mara moja tu, akavuta pumzi, akasema: "Mzee wangu, nyumba ni nzuri. Tatizo inaonekana mnaishi."

Sasa tuishi wapi? Eti siku hizi nyumba inapigwa picha kwanza, inarushwa Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp, mteja yuko zake Mwanza anaitazama kwenye simu. Hii yangu ikipigwa picha inaonekana ina kesi.

Kesi yenyewe ilikuwa ukuta wa mbele, palipoandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Wa Dar mnanielewa. Mji huu una wajanja wanaoweza kuiuza nyumba yako wakati wewe uko msibani Tanga, ukirudi unakuta mtu na futi kamba anapima madirisha ya mapazia yake. Niliandika mwenyewe, kwa rangi ya mafuta, ili idumu. Ikadumu. Fundi rangi alipitisha rangi ya maji juu yake, asubuhi maandishi yakarudi, safari hii ya pinki. Akapitisha tena, yakarudi tena. Mteja wa kwanza alisimama getini, akasoma, akamtazama dalali, akapanda bajaji yake. Ndipo fundi akakumbuka kuwa rangi ya maji haishiki juu ya ya mafuta mpaka upige msasa wa nguvu na uweke praima kwanza. Kumbukumbu ilimjia ndoo zikiwa zimeisha.

Na hizo ndoo ni hadithi nyingine. Ubavuni pameandikwa kwamba lita moja inafunika mita za mraba kumi hadi kumi na mbili. Mimi hesabu najua. Ndoo ya lita 20 ni mita 200 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Nikampigia fundi hesabu yote kwenye ganda la simenti, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema, "Bosi, hizo mita za kwenye ndoo ni za kuta za Ulaya. Ukuta wako unakunywa." Nikanunua. Ukuta ukanywa. Juzi napita Barakuda nikaona saluni imepakwa rangi mpya ya kijivu, kijivu kile kile, mpaka ile michirizi ya rola naijua. Nikauliza ya nani. Ya mke wa fundi. Kumbe na wenyewe ulikuwa na kiu.

Dalali alinishauri nitunze risiti zote, kwa sababu ukiuza nyumba kuna kodi ya asilimia 10 ya faida, na gharama za kuiboresha zinaingia kwenye hesabu ya kupunguza hiyo faida. Ushauri mzuri kabisa. Nikamwomba fundi risiti. Alicheka mpaka akashuka kwenye ngazi.

Tuje kwenye chumvi. Nani Dar hana chumvi? Chini ya dirisha la sebuleni rangi ilikuwa inavimba, inapasuka, inamwaga unga mweupe sakafuni, na mimi miaka yote nilikuwa nimeshalitatua: nimeweka kochi mbele yake. Fundi akasema ni mchanga wa bahari. Inawezekana, ila kinachofanya kazi hapo ni maji. Yanapanda kutoka ardhini ndani ya tofali, yanafika usoni mwa ukuta yanakauka, yanaiacha chumvi nyuma, nayo chumvi inaisukuma rangi mpaka inabanduka. Dawa yake ni kubandua plasta na kuzuia unyevu kule chini. Dawa ya fundi ilikuwa kukwangua, kupaka skimu na kupiga rangi jioni ili mteja aone asubuhi. "Itakaa," akasema. "Mpaka lini?" "Mpaka auziwe, bosi." Huo si uungwana, nikamwambia abandue plasta. Basi nikalipa mara ya pili, na unyevu uliozuiwa pale sasa nasikia umehamia upande wa jikoni.

Kuhusu rangi zenyewe sikuulizwa. Sebule ilikuwa ya pinki tangu sendofu ya Zuhura, chumba cha wavulana bluu, na korido, kwa heshima na taadhima, ilikuwa ya kijani na njano. Mimi Yanga damu. Dalali akasema korido iondoke. "Mzee, nusu ya wateja wangu ni Simba. Mtu hawezi kwenda kuoga kila asubuhi akipita katikati ya watani." Nikakataa. Nikamgeukia Mama Zuhura nikitegemea msaada, kumbe dalali alikuwa ameshamweleza Sheria ya Ndoa ya 1971: nyumba ya familia mume hauzi bila ridhaa ya mke. Tangu siku hiyo kila kitu humu ndani kina ridhaa. Rangi ya kijivu, ridhaa. Mapazia mapya, ridhaa. Baba Zuhura kulala na soksi, hakuna ridhaa.

Nilidhani rangi ikikauka tumemaliza. Akaja mpambaji.

Ni binti wa heshima zake, kazi yake ya kila siku ni kupamba kumbi za harusi, sasa ameongeza na nyumba zinazouzwa. Akanieleza, kwa upole tu, kwamba kazi hii imeanzia Marekani miaka ya 1970 na mama mmoja aliyekuwa akiuza nyumba pande za Seattle, Barb Schwarz. Huyo mama aliona kuwa nyumba ikipangwa vizuri kabla ya kuonyeshwa inauzika haraka. Siri yake, mteja akiingia ajione yeye anaishi humo, asikuone wewe. "Kwa hiyo baba, inabidi tukutoe kidogo."

Wakanitoa. Picha yangu na marehemu mama ikashuka. Kalenda za msikitini na za benki, zikashuka. Vitambaa vya makochi alivyofuma mama mkwe vikakunjwa. Kabati la vyombo, lenye sahani za harusi ambazo hazijawahi kuonja wali, likabebwa na kirikuu hadi kwa shemeji Kimara. Nikavumilia. Lakini binti alipoligusa friji nikasimama. Friji langu liko sebuleni tangu lilipotoka dukani, na lina sababu ya kuwa sebuleni: mgeni akiingia ajue maji ya baridi yapo. Akasema friji linakaa jikoni. Jikoni kwangu mpishi akigeuka anafunga mlango kwa kiuno, friji likae juu ya nani?

Mahali pa friji pakawekwa ua la plastiki. Mezani likaja bakuli la maapulo ya plastiki. Embe dodo zimejaa Buguruni zinaoza, mimi nimekodi apulo. Mjukuu wangu alikwishaling'ata moja, tukaligeuza upande wenye meno ukatazama ukuta. Na makochi! Meupe. Katika Tabata ya vumbi, barabara ambayo bodaboda ikipita jirani anakohoa, binti akaleta makochi meupe na mito saba, ya kukodi, yanalipiwa kwa siku. Ile mito haina mahali pa binadamu. Ukitaka kukaa inabidi saba ishuke, na ukiinuka hukumbuki ipi ilikuwa nyuma ya ipi, Mama Zuhura anajua tu kwamba ulikaa.

Tukawa tunakula uani karibu na simtanki, tunaingia ndani kwa kunyata. Usiku mmoja shemeji kutoka Singida akafika bila taarifa, tumesinzia, akajisevia kwenye kitanda cha chumba cha wageni. Ni kitanda cha picha. Chini ya lile shuka ni makreti ya soda na kigodoro cha inchi mbili. Mlio ule mpaka jirani aliuliza kama tumevamiwa.

Siku ya wateja binti alichemsha mdalasini na vanila jikoni, nyumba nzima inukie keki. Mama jirani naye akachagua saa hiyo hiyo kukaanga vibua. Upepo ulikuwa unatoka kwake. Sikumlaumu, kwanza alituletea viwili.

Sasa niwaambie mnunuzi wa Dar anavyotazama nyumba. Alikuja mama mmoja, mtu mzima, viatu vya chini, hakuitazama mito hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja chooni akavuta maji. Akafungua bomba la uani, akauliza hapa maji yanatoka siku zipi. Akapiga ukuta kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, akasogea, ko, ko, mpaka akafika chini ya dirisha, akasimama. Akakwangua kidogo kwa ukucha, akaunusa. Fundi wangu akajifanya anapokea simu. Kisha mama akatoka nje kwa Mangi, akanunua biskuti ambayo hakuifungua, akamuuliza masika maji yanaishia wapi. Akapita kwa mjumbe kuulizia kama nyumba ina mgogoro wa mirathi. Akarudi akaomba nakala ya hati akafanye upekuzi ardhi. Maua ya plastiki, mdalasini, ile rangi ya kijivu iliyoniingiza kwenye madeni: hakuna hata kimoja alichokitaja.

Nikamnong'oneza binti: unaona? Huyo Mmarekani wenu hakuwahi kuuza nyumba Tabata.

Mama akakaa. Akashusha mito yote saba, akakaa katikati ya kochi, akajinyoosha, akafumba macho kidogo. Akataja bei. Si mbaya, jamani, nisiwe mwongo, karibu kabisa na ile tuliyokuwa tunaitaka. Halafu akapapasa mkono wa kochi, akasema, "Ila haya yanabaki."

Kabla sijapumua dalali akamjibu: "Yanabaki, mama."

Nikamvuta binti pembeni. Kumbe hata yeye si yake, ameyakodi kwa fundi seremala wa Keko. Mama anasema bila makochi anashusha milioni mbili. Mama Zuhura anasema bila hizo milioni mbili hatii saini. Nikapata namba ya fundi wa Keko, nikampigia, nikajieleza vizuri, nikamuuliza anayauza bei gani. Akaniuliza kwanza nyumba inauzwa bei gani. Nikakata simu.

Nimempigia tena leo asubuhi. Kasema niongee na dalali wake.