Seli shina haziuzwi kwenye pakiti

Shangazi yangu ana kisukari. Juzi kanitumia picha ya boksi la pakiti za unga. Muuzaji kamwambia ni "seli shina", akoroge kwa maji anywe, kongosho lake litafufuka. Shikamoo shangazi, nikamjibu, usinunue. Seli shina ni seli changa inayoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, na seli ni kitu hai. Ukiikausha ikawa unga kisha ukaimeza, tumbo litaisaga kama linavyosaga maharage.

Kinachoniuma ni kwamba jina hilo limeibwa kwenye kazi ya watu. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi wa Chuo Kikuu cha Kyoto walichukua seli za panya zilizokwisha komaa, wakaziingizia jeni (maelekezo ya urithi ndani ya seli) 4 tu, zikarudi utotoni kama seli shina, tayari kugeuka kuwa moyo, neva au damu. Walianza na jeni 24, wakawa wanapunguza. Mwaka uliofuata wakafanya hivyo kwa seli za binadamu, na 2012 Yamanaka akapata Nobeli pamoja na mwanasayansi Mwingereza John Gurdon. (Zamani Yamanaka alikuwa akijifunza upasuaji, na mkono wake ulikuwa mzito hadi wenzake wakambatiza Jamanaka, "jama" kwa Kijapani ni kizuizi.)

Mwaka 2007 huohuo, watafiti wa Marekani walitumia mbinu hiyo kurekebisha jeni ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwenye seli za panya wagonjwa, wakawarudishia, nao wakapata nafuu kubwa. Anayejua wodi zetu za watoto wenye selimundu ataelewa kwa nini habari hiyo ya panya sijaisahau.

Ila mojawapo ya zile jeni 4, c-Myc, inahusishwa na saratani, na seli isiyochoka kuzaliana inaweza kuwa uvimbe. Kule Kobe, 2014, mama wa miaka zaidi ya 70 aliyekuwa akipoteza uoni alipandikizwa ndani ya jicho, sehemu ya nyuma, utando uliokuzwa kwa mbinu hiyo ya Yamanaka kutoka seli za ngozi yake mwenyewe. Hakuanza kuona vizuri zaidi, lakini uoni wake haukuendelea kufifia. Mgonjwa wa pili seli zake zilikuwa tayari. Zilipopimwa zikaonekana zina mabadiliko ya jeni, madaktari wakasimamisha kila kitu. Mimi hapo ndipo nilipoanza kuwaamini.

Shangazi kajibu jioni: "Lakini mwanangu, huyu kijana anasema dawa yake haina madhara yoyote, na inatibu kila mtu." Nimemwomba amuulize kijana huyo ni mgonjwa gani amewahi kumkatalia.