Picha Haisikii Mngurumo

Gari la Bugatti Veyron lilipoingia sokoni mwaka 2005, habari ilikuwa moja tu: linapita kilomita 400 kwa saa. La kwanza kuliona kwa macho yangu lilikuwa nyuma ya basi namba 14, Brompton Road, London, saa tano ya usiku, mwezi wa Julai. Basi likisimama kituoni, nalo linasimama. Basi likiondoka, nalo hilo linajikokota. Mzee mmoja mwenye fimbo alilipita kwa miguu, akalitazama, akaendelea na safari yake.

Nilipiga picha kama arobaini usiku ule, zote mbovu. Lakini ugonjwa ulinianzia hapo, na sasa ni kiangazi cha sita kila Jumamosi nikimaliza zamu (naosha vyombo kwenye jiko la hoteli, tusifichane) napanda treni ya usiku ya njia ya Piccadilly, nashuka kituo cha Knightsbridge na kamera begani. Kwa hiyo ninayotaka kuyasema leo nayasema nikiwa ndani ya kundi. Sisi wapiga picha wa magari ya kifahari tumeuharibu mtaa wa watu, na tumeuharibu kwa kitu ambacho picha haikihitaji kabisa.

Kwa asiyejua, haya magari mengi ni wageni. Joto la Ghuba likifika nyuzi 45, wenye nazo wanakuja London kupunga upepo, na wengine wanakuja na ndinga zao kwenye ndege za mizigo. Uingereza inamruhusu mgeni kuendesha gari lenye namba za kwao hadi miezi sita ndani ya mwaka bila kulisajili upya. Ndiyo maana kuanzia Julai, Sloane Street na vichochoro vya nyuma ya Harrods, lile duka kubwa la kifahari, vinajaa namba za Kuwait, Qatar na Saudia. Hapo ndipo viboko vya madrasa ya Tanga vilipoanza kunilipa. Vijana wa Kizungu wananiletea simu zao niwasomee tarakimu za Kiarabu, nami nasoma taratibu kwa sauti ya ustadhi, nikijiona msomi.

Zamani (nasema zamani kwa hesabu za mtandaoni) mtu alikuja na kamera, akapiga, akaondoka. Kisha ikaja video, na video ina masikio. Mtazamaji anataka mngurumo. Basi utawaona vijana wa miaka kumi na nne, kumi na tano, wamejipanga ukingo wa barabara, gari likitokea wanapunga mikono na kupiga kelele: kanyaga! Naye dereva, ambaye mara nyingi ni kijana wa umri wa mdogo wangu, anakanyaga. Anapiga resi, yaani anaingurumisha injini gari likiwa limesimama, taa ikiwa nyekundu, bomba la moshi linatoa mlio wa bunduki, vijana wanashangilia, gari linaruka mita hamsini na kufunga breki nyuma ya lile lile basi namba 14.

Nami nimewahi kupunga mkono. Kiangazi cha pili, nilipokuwa natafuta wafuasi, nilimwomba dereva wa Lamborghini la kijani apige resi, akapiga mara sita mfululizo. Nikiwa bado nacheka, akatoka bawabu wa jengo la ghorofa lililo pale, mtu mzima, tai imelegea shingoni, akanijia mimi, siyo dereva. Hakugomba. Aliniambia tu kwamba kila gari likinguruma, wapangaji wa juu wanampigia yeye simu. Hawampigii dereva, hawaipigii polisi, wanampigia yeye, na yuko zamu tangu saa moja jioni. Kisha akarudi ndani, na kupitia kioo nikamwona anainua simu ya mezani.

Nimelifikiria sana jambo hilo, kwa sababu watu wanaotutetea husema: wacha walalamike, ni matajiri, wana madirisha mazito. Sawa, wanayo. Lakini kwenye yale majumba wapo pia mayaya wanaobembeleza watoto wa watu, wapo wapishi, wapo mabawabu. Mimi ni mtu wa zamu ya usiku, najua maana ya mtu aliyelala kitandani kukukaripia kwa kosa la mtu aliyeko barabarani.

Halmashauri ya Kensington na Chelsea haikukaa kimya. Mwaka 2015 ilipitisha amri ya kupiga marufuku resi za makusudi, kuondoka kwa kishindo, kushindana na muziki wa kuvunja masikio kwenye mitaa hii. Ukifikishwa mahakamani faini inaweza kufika pauni 1,000. Baadaye zikaja kamera zenye maikrofoni, gari likipiga kelele kupita kiasi zinanasa sauti pamoja na namba. Nilicheka nilipozisikia. Wapiga picha tumefika mahali mpaka halmashauri inanunua kamera yenye masikio, kwa sababu ya mashabiki wetu, ilhali kamera niliyonayo mimi ni kiziwi!

Na hili la ukiziwi ndilo hasa nataka wenzangu walitafakari. Picha ya usiku inajengwa kwa mwanga, na mwanga hauji kwa kukanyaga mafuta. Chukua gari linalotembea. Kwenye mitaa mingi ya eneo hili mwisho ni maili 20 kwa saa, kama kilomita 32. Weka shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka kupitisha mwanga, kwenye sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde, simama imara, viwiko vibane mbavu, lifuate gari kwa kiuno, siyo kwa mikono, na endelea kuzunguka hata baada ya kubonyeza. Gari litatulia, taa za maduka nyuma yake zitanyooka kama nyuzi. Atakayeiona ataapa lilikuwa linaruka, kumbe linatafuta maegesho. Kati ya picha kumi utapata moja, labda, lakini hiyo moja ni yako. Dereva hakukupa chochote.

Lililoegeshwa ndilo tamu zaidi kwangu. Gari jeusi usiku si gari, ni kioo. Ukisimama vibaya unajipiga mwenyewe, na jaketi lako la kazini. Inabidi upige magoti hadi usawa wa taa, usogee hatua moja, nusu hatua, mpaka ule mstari wa mwanga wa duka uanzie kwenye boneti na kupita juu ya mlango bila kukatika. Naweza kumaliza dakika ishirini kwenye mstari mmoja. Vijana hawanielewi. Mvua ikinyesha ndiyo sikukuu, maana lami nayo inageuka kioo, na taa nyekundu ya nyuma inashuka chini kama rangi iliyomwagika. Mbinu moja tu ya bure: taa za LED zinapepesa hata kama jicho halioni, na umeme wa Uingereza ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo ukiharakisha sana shata, picha itakuja na michirizi ya giza. Shuka hadi 1/100 au chini yake. Na flashi iache nyumbani. Kumwasha mtu flashi ya macho akiwa kwenye usukani usiku ni wehu, hilo silijadili.

Kama mnabisha kwamba gari lililosimama halina hadithi, kumbukeni mwaka 2010. Koenigsegg moja na Lamborghini moja, yote rangi ya samawati mpauko, yaliegeshwa vibaya mbele ya Harrods yakafungwa vyuma kwenye magurudumu yasiondoke. Picha zake zilizunguka dunia. Yalikuwa yamesimama, tena yamefungwa! Miaka sita baadaye yakaja yale ya rangi ya dhahabu kutoka Saudia, na miongoni mwa picha zilizosambaa ilikuwamo ya karatasi ya faini kwenye kioo cha mbele.

Najua nitaambiwa tatizo ni madereva, wao ndio wenye mguu kwenye mafuta. Kweli. Ila jaribuni kusimama pale Jumanne ya Februari, mvua na baridi, hakuna hata kamera moja. Yanapita, machache, kimya kimya kama teksi. Resi ni ngoma, na ngoma haichezwi bila watazamaji.

Kiangazi kilichopita nilikuwa nimepiga magoti mbele ya gari lenye namba za Oman, naongea na dada yangu wa Tanga kwa simu, namwambia asubiri kidogo nashika fokasi. Sauti ikatoka nyuma yangu: “Pole pole mwanangu, usije ukanikwaruzia rangi.” Kiswahili cha Unguja, kilichonyooka. Nikaruka. Mzee wa Muscat, kanzu nyeupe na koti la baridi juu yake, mkononi glasi ya chai ya karatasi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Gari hii ya mtoto wangu. Mimi naikalia tu hapa, yeye yuko ndani anakula.”

Tuliongea nusu saa, zaidi habari za Darajani, alikoondoka mdogo sana, na bei ya samaki. Nikamuuliza gari linaendaje. Akacheka. “Ina wiki tatu hapa London. Haijaona gia ya nne.” Aliniruhusu nipige nitakavyo, sharti moja, uso wake usitokee. Ipo picha moja ambayo mkono wake umeegemea paa, na kwenye mlango limejichora basi jekundu, namba 14 inasomeka kinyumenyume. Nimempelekea kwa simu. Alijibu kwa neno moja, “Ahsanta,” na mtoto wake akaiweka mtandaoni akiwa ameongezea juu sauti ya injini.

Jumamosi hii wametabiri mvua. Nitakuwa kona ya Hans Crescent, ubavuni mwa Harrods, kuanzia saa sita usiku, na kitambaa cha kufutia lenzi mfukoni. Anayetaka kuja aje, video abaki nayo.