Sindano, Nyanya na Mama Mwenye Nyaya Kichwani

Nikisema natafiti kumbukumbu, watu hunisimulia habari za mjomba aliyesahau gari lake kwenye maegesho, kisha huniuliza dawa. Sina dawa. Isitoshe, mimi sichunguzi kusahau. Nachunguza mtu kukumbuka kitu ambacho hakikutokea, na kukiapia.

Kazi yenyewe ni hivi. Unamsomea mtu maneno: kitanda, godoro, shuka, mto, neti, ndoto, kukoroma, miayo. Neno "usingizi" unaliacha makusudi. Baadaye unamwomba ataje aliyoyasikia, naye anakutajia "usingizi" bila kupepesa jicho. Mwanasaikolojia James Deese aliliona jambo hili mwaka 1959, likalala hadi 1995, Henry Roediger na Kathleen McDermott walipoliamsha kule Marekani. Katika jaribio lao la kwanza, neno lisilosomwa lilitajwa karibu asilimia 40 ya mara zote. Katika la pili, asilimia 55. Na watu hao hawabahatishi. Ukiwabana wanasema wanakumbuka kabisa lilivyosomwa.

Orodha za Kiswahili tulizitunga upya kwa kuwauliza watu wa hapa Nairobi, ukisikia usingizi unafikiria nini? Wengi waliandika kitanda. Mmoja aliandika "landilodi". Hatukulitumia, ila tulimwelewa.

Mimi naongeza kofia ya EEG, ile ya kupima umeme wa ubongo, nione kama kichwa kinajua ukweli wakati mdomo unadanganya. Hans Berger alipima umeme huo kwa binadamu mwaka 1924 mjini Jena, Ujerumani, na mpaka leo shida ni ile ile: umeme wenyewe ni mchache mno, mikrovolti makumi kadhaa tu. Mtu akitafuna, akikunja uso au akipepesa macho, misuli yake inapiga kelele kuliko ubongo. Kwa hiyo chini ya kila elektrodi, yaani kile kidude cha kofia kinachonasa umeme, unasukuma jeli mpaka iguse ngozi ya kichwa, kwa bomba la sindano lenye mdomo butu. Ni la plastiki, halichomi hata nyanya. Tafadhali likumbuke hilo.

Sasa, waliobuni kofia hizi hawakuwahi kukaa kwenye kiti cha msusi. Kofia inataka nywele zilizolala. Mtu akija na wigi, rasta au nywele zake za asili zilizosimama, elektrodi zinabaki hewani zikisoma upepo. Kule Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wameshaligundua hilo. Mwaka 2020 walitoa makala kuhusu elektrodi za kubanwa katikati ya matuta ya nywele zilizosukwa. Sisi hatukuwa na fedha za elektrodi hizo. Tulikuwa na fedha za msusi mmoja wa Kenyatta Market, ambaye tulimwonyesha ramani ya vituo vya kichwani, akaitazama kidogo na kusema, "Hizi ni lines tu. Mbona mnazifanya ngumu?" Alisuka matuta yaliyonyooka kuliko mchoro wa kitabuni. Mpaka leo naamini ndiye mtaalamu bora tuliyewahi kuwa naye katika mradi, na ndiye pekee aliyelipwa kwa wakati.

Mshiriki wa siku hiyo alikuwa mama mboga mwenye kibanda pale Ngara, mita chache kutoka kwenye maabara yetu. Mwanamke mwerevu, mcheshi, asiyependa kupotezewa muda. Tulikubaliana shilingi 500 za usumbufu. Akasukwa, akavishwa kofia, akajazwa jeli, nyaya zikashuka mgongoni kama mkia mpaka kwenye kifaa chetu. Nilikuwa nimevaa koti jeupe, maana msimamizi wangu anaamini koti jeupe huleta heshima. Msaidizi wangu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alikuwa kwenye kompyuta akisema mawimbi yametulia.

Tulimsomea orodha ya kwanza. Mambo safi. Nikaona elektrodi moja ya kisogoni imekauka, nikachukua sindano yangu ya jeli niiongeze kidogo. Simu ikalia.

Tulikuwa tumemwomba aizime. Alikuwa ameizima ile aliyotuonyesha. Hii ya pili ilitoka ndani ya leso.

"Eeh? Anashusha wapi? Kwa nani? Mwambie asiguse! Nakuja!"

Kumbe pikapu ya nyanya kutoka Kirinyaga ilikuwa imefika mapema, na dereva, alipokikuta kibanda hakina mtu, alikuwa ameanza kushusha kreti zake kwa mshindani wa ng'ambo ya barabara. Nilifungua mdomo nimwambie asubiri nimvue kofia. Kabla sijafika "Mama, tafa—" plagi ilikuwa imechomoka kwenye kifaa, mlango umegonga ukuta, na kofia ya kuazima, yenye bei inayokaribia ya pikipiki mpya, inashuka ngazi.

Nikamfuata.

Hebu jiweke mahali pa mtu wa Ngara aliyesimama anakula smokie yake kwa amani. Anatokea mama anakimbia, kofia ya vitobo kichwani, jeli inamchuruzika mpaka kwenye nyusi, mkia wa nyaya unapepea nyuma. Nyuma yake kijana mwenye koti jeupe, mkononi ana bomba la sindano, anapaza sauti, "Mama, simama! Hatujamaliza! Usiziguse hizo nyaya!"

Mimi mwenyewe ningejikamata.

Walinidaka karibu na stejini. Kijana wa boda boda alinishika kola, mwuza mandazi akanizuia kwa mbele na beseni lake, na mzee mmoja mwenye kofia ya pama akaninyang'anya sindano na kuinusa. Mama aliendelea na safari yake ya nyanya bila hata kugeuka.

Hapa ndipo maisha yangu ya kitaaluma yalipoanza kupita mbele ya macho yangu. Mwanzoni watu walisema kweli tupu. "Nimeona wanakimbia," alisema mmoja. "Mama mbele, huyu nyuma." Hakuna zaidi. Ndipo yule wa boda akauliza, kwa sauti ya hakimu:

"Alimdunga mara ngapi?"

Si "alimdunga?" Ni mara ngapi! Nilihisi baridi mgongoni. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, kama vile magari "yalipopondana", walikadiria wastani wa maili 40.5 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi cha upole, "yalipogusana", walisema 31.8. Filamu zile zile. Katika jaribio la pili waliwarudia watu baada ya wiki moja na kuwauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo chochote kilichovunjika, lakini kati ya watu 50 walioulizwa kwa kitenzi kikali, 16 walisema ndiyo, tuliviona. Nimewafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili somo hilo. Sikuwahi kulisomea nikiwa nimeshikwa kola.

"Mara mbili," alisema mzee wa pama.

"Mimi nimeona tatu," akasema mwuza mandazi. "Moja ya shingoni."

"Ya shingoni hata mimi nimeiona," akadakia mtu aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye matatu.

Nikasema, "Ndugu zangu, tafadhali. Swali likiulizwa hivyo, linapanda kumbukumbu kichwani mwa shahidi. Kuna utafiti wa Marekani—"

"Anasema nini huyu?"

"Anasema sisi ni waongo."

"Sisemi ni waongo! Mnakumbuka kwa moyo safi kabisa, ila mnachokumbuka hakikutokea."

Kimya kilichofuata hakikuwa kizuri. Nilisikia mtu nyuma akiuliza tairi la zamani liko wapi, na sikutaka kujua la nini. Pengine ni la bembea.

Mungu si Athumani, mama alirudi. Alirudi kwa mwendo wa bibi harusi, kofia ingali kichwani, na nyuma yake dereva wa pikapu amebeba kreti la nyanya mwenyewe, begani. Baadaye nilielezwa kwamba dereva huyo hajawahi kumpunguzia mtu hata shilingi 10, lakini alipomwona anamjia na nyaya kichwani alirudisha kreti zote na kusamehe deni la wiki iliyopita. Mama alikuwa na furaha isiyo kifani.

Mzee akavua pama kwa adabu. "Mama, pole sana. Huyu kijana alikuwa anakufanyia nini huko juu?"

"Huyu? Ananisomea maneno, mimi nayakumbuka."

"Maneno tu?"

"Maneno tu. Na mafuta ya nywele."

"Hebu yataje tuyasikie."

Mama akasimama wima, akafumba macho na kuanza kama mtoto mbele ya mkaguzi wa shule. "Kitanda. Godoro. Shuka. Mto. Neti. Ndoto. Kukoroma." Akavuta pumzi. "Usingizi."

Naapa sikuweza kujizuia. Miezi mingi ya kuomba vibali, kuazima vifaa na kubembeleza watu, na hapa, mbele ya umati, kosa la Deese limejitokeza safi bila doa! Nilirusha mikono juu, kola ikiwa bado kwa mtu wa boda, nikapiga kelele za shangwe: "Usingizi halikuwemo! Halikuwemo kabisa!"

"Unamwita mama mwongo?" boda akakaza ngumi.

"Lilikuwemo," mama akasema kwa utulivu. "Nimelisikia kwa masikio haya. Hata sauti ulipandisha kidogo ulipolifikia, kijana wangu."

Wakati huo msaidizi wangu alikuwa amefika akihema, na karatasi ya orodha mkononi. Mzee aliisoma yote kwa kidole, neno kwa neno, mara mbili. Usingizi hakuna. Akamtazama mama.

"Karatasi si wanaweza kuandika nyingine?" mama akasema.

Umati ukaguna kukubaliana naye. Mwuza mandazi akaongeza kwamba yeye mwenyewe alinisikia nikilisoma. Mwuza mandazi, ambaye hajawahi kupanda hata ngazi ya kwanza ya jengo letu.

Sijui tungeishia wapi kama mama hangeikumbuka biashara. "Mwachilieni," akasema, "bado hajanipa mia tano yangu." Hapo kesi ikageuka ikawa ya madai, na umati mzima ukanisindikiza kuhakikisha nalipa. Nililipa kwa simu, mzee akahakiki ujumbe kwenye simu ya mama, zote mbili, kisha akanirudishia sindano yangu kwa ncha za vidole. Kijana wa boda aliniacha kola na papo hapo akaniuliza kama naye anaweza kuja kupimwa, maana na yeye ana kichwa. Hawezi. Orodha yangu sasa inajulikana kuanzia Ngara mpaka Pangani, na usingizi umo.

Kofia ilipona, isipokuwa mbegu za nyanya kwenye elektrodi ya kisogoni. Nilipompigia msimamizi wangu, alichouliza kwanza ni hali ya kofia, pili ni hali ya mama, na mimi nikakata simu kabla ya kujua nilikuwa wa ngapi.

Kisha ikaja fomu. Tukio lolote lisilotarajiwa linalomhusu mshiriki lazima liripotiwe kwa kamati ya maadili, pamoja na maelezo ya mashahidi. Mzee wa pama aliandika kwa mwandiko mzuri wa kizamani kwamba nilidunga mara mbili, ila "kwa nia njema ya kielimu". Mwuza mandazi alisema tatu. Mama aliandika kwamba hakudungwa popote, na kwamba neno usingizi lilisomwa.

Nikabaki nikimtegemea msaidizi wangu, ambaye alinisikia nikisoma orodha na ambaye Loftus na Palmer anawajua kwa moyo kwa ajili ya mtihani. Aliandika kurasa mbili nadhifu. Katika ya pili alieleza jinsi sindano ilivyoniponyoka mlangoni, ikaanguka na kuvunjika, vioo vikatapakaa ngazini.

Nilimkumbusha kwamba sindano ni ya plastiki. Nilimwonyesha, nzima, juu ya meza. Akaitazama kwa huruma, akaniuliza kama hii si ile nyingine.

Msimamizi amezisoma taarifa zote. Ameziona ni nzuri, ila anaomba niandike yangu upya, kwa sababu ndiyo pekee isiyolingana na ya mtu yeyote.