Kulala Mombasa usiku mmoja

Nilikata tiketi ya bei nafuu nikamwone mama Mombasa, nilale usiku mmoja tu, nirudi Nairobi. Angani ni kama saa moja! Nikaamka saa kumi usiku nikihofia msongamano wa Mombasa Road, barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Nairobi. Nimefika uwanjani JKIA, ujumbe ukaingia: safari imesogezwa hadi saa nane mchana. Sababu hawakutoa, hata pole hawakusema. Kisha mkoba ukapimwa, kilo nane badala ya saba, nikalipishwa. Kilo yenyewe ni unga wa wimbi wa mama, jamani. Saa nane ikageuka saa kumi. Nilibisha hodi magharibi, wali wa nazi umepoa, mama amechoka kungoja. Alfajiri nikamuaga. Imeniuma mno.