Bahasha ya kaki ya baba

Jirani yangu hapa Kent, jimbo la Washington, alistaafu upolisi akiwa na miaka 54. Jumamosi moja nilimsaidia kuingiza kochi ndani, akanitilia kahawa, na juu ya meza ya jikoni palikuwa na barua. Akanipa niisome. Ukurasa mmoja na nusu: miaka aliyotumikia, wastani wa mshahara wake, pensheni ya kila mwezi hadi senti ya mwisho, na tarehe ambayo pesa za kwanza zingeingia benki. Nikamuuliza, "Na ziliingia?" Akanitazama kama mtu ambaye hajaelewa swali.

Mimi nimelelewa na polisi. Marehemu baba alistaafu 2009, koplo, sisi tukiishi Nakuru. Alikuwa na bahasha ya kaki aliyoifunga kwa nailoni isilowe mvua, na ndani yake barua ya kuajiriwa, nakala ya kitambulisho na barua ya kila kituo alichowahi kuhamishiwa, zimepangwa kwa miaka. Alikuwa akiamka saa tisa usiku, anavaa suti ileile ya kijivu, anapanda matatu kwenda Nairobi kwenye ofisi fulani. Leo faili halionekani. Mwezi ujao limeonekana, lakini wa kulitia saini yuko likizo. Kiinua mgongo chake kilifika baada ya miaka miwili na nusu, na wakati huo alikuwa ameshauza ng'ombe wawili kulipa karo yetu.

Basi nikaanza kusoma sheria za huku, nione tofauti iko wapi. Mfuko wa polisi na wazima moto wa Washington unaitwa LEOFF, na mpango wake wa pili ulianza 1977. Askari anapata angalau asilimia 2 ya wastani wa mshahara wake kwa kila mwaka aliofanya kazi, na akifika miaka 53 anaweza kuondoka bila kukatwa kitu. Mchango wenyewe, nusu anatoa askari, asilimia 30 mwajiri, asilimia 20 jimbo. Hesabu hii imeandikwa ndani ya sheria, kwa hiyo kuruti wa miaka 23 anaweza kuifanya kwa kalamu siku anayoapishwa.

Nasi hatujakaa bure. Tangu Januari 2021 Kenya ina mpango mpya wa pensheni wa watumishi wa umma, polisi wakiwemo: mfanyakazi anachanga asilimia 7.5, serikali asilimia 15. Hiyo asilimia 15 si haba. Ninachokitaka mimi ni ile tarehe kwenye barua, na pesa zifike siku hiyo.

Kila tukizungumza polisi wetu, mtu atasema dawa ni mafunzo. Sikubali. Chuo cha polisi cha hapa jimboni, kilichoko Burien, kinamfundisha askari mpya saa 720, miezi minne na kitu. Kiganjo, chuo cha polisi cha Kenya, watu hukaa zaidi ya hapo. Tatizo letu liko langoni.

Mdogo wangu alienda uwanjani 2014, siku ya kuajiri polisi. Alipimwa urefu, akafunguliwa mdomo wakahesabu meno, akakimbia na kumaliza wa nne. Wakamwandika namba mkononi kwa kalamu ya wino mzito. Saa nane mchana mtu mwenye koti jeusi akamvuta kando, akamtajia kiasi cha pesa. Alimpigia baba, na baba akamwambia arudi nyumbani: "Ukiinunua hiyo kazi, pesa zako utazidai kwa nani? Utazidai kwa mama muuza mboga." Akarudi na namba yake mkononi, na siku mbili nzima hakutaka kuiosha. Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ilifuta zoezi lote la kuajiri polisi 10,000, baada ya IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, kwenda kortini, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaunga mkono. Bado tunaajiri viwanjani, kwa siku moja.

Huku kijana wa kanisani kwetu aliomba kazi hiyo, na mchunguzi akanipigia mimi simu. Dakika arobaini. Je, analipa madeni? Akikasirika anasemaje? Umewahi kumwona akimgombeza mtu mdogo kwake? Sheria ya jimbo inadai pia apimwe na mwanasaikolojia na apitie kipimo cha uongo. Inachukua miezi.

Sisemi huku ni peponi. Manuel Ellis, mtu mweusi, alikufa mikononi mwa polisi wa Tacoma Machi 2020, na maafisa watatu walioshtakiwa waliachiliwa na mahakama Desemba 2023. Sisi weusi tunaoishi hapa tunalijua jina lake. Lakini sheria ya 2021 iliipa tume ya jimbo ya mafunzo ya polisi nguvu ya kumnyang'anya askari leseni hata kama kituo chake hakijamfukuza. Na mwaka 2025 jimbo lilipoona polisi ni wachache mno, Gavana Bob Ferguson alitia saini sheria yenye dola milioni 100 za kuajiri wapya, na kituo kisichotimiza masharti ya mafunzo hakipati kitu. Huku kazi inatafuta watu. Kwetu watu wanainunua kazi.

Kule Kenya, jopo la mageuzi ya polisi la jaji mstaafu David Maraga lilipendekeza mishahara ipande, na ipande kweli. Ila aliyelipa ili aingie hatarudishiwa pesa zake na nyongeza ya mshahara. Atazitafuta barabarani.

Mwana wa dada yangu ametimiza miaka 19 na anataka upolisi. Wiki iliyopita aliniuliza, "Mjomba, ikihitajika, utanisaidia?" Nimemwambia nitatuma nauli na raba nzuri za kukimbilia. Hiyo nyingine situmi.