Tanakali za Kijapani: zisubiri, au zianze na somo la kwanza?

Mwanafunzi mmoja ninayemfundisha Kijapani jioni aliniletea daftari lake nilikague. Ukurasa mzima alikuwa ameujaza maneno ya mvua. Zaazaa, mvua kubwa. Shitoshito, mvua kidogo. Parapara, mvua kidogo. Potsupotsu, mvua kidogo. Alikuwa ameyakariri yote manne na akanitajia bila kukwama. Nilipomuuliza mvua ya asubuhi ile ilikuwa ipi kati ya hizo, akanyamaza jii.

Ukurasa ule ulinirudisha kwenye ubishi ambao sisi tunaofundisha lugha hii hatujaumaliza. Kijapani kimejaa tanakali. Zipo zinazoiga sauti inayosikika, ambazo Wajapani huziita giongo, kama wanwan ya mbwa anayebweka. Zipo zinazochora hali isiyo na sauti yoyote, gitaigo, kama nikoniko ya uso unaotabasamu, na humo zimo pia za moyoni, kama dokidoki ya moyo unaodunda kwa hofu au kwa hamu. Kamusi moja iliyotoka Japani mwaka 2007, chini ya uhariri wa Ono Masahiro, imekusanya 4,500. Hakuna anayedai mwanafunzi azimeze zote. Tunachogombania ni lini azianze: wengine wanasema asubiri mpaka sarufi imkae na kanji, yaani herufi zenye asili ya Uchina, mia kadhaa zimwingie, wengine wanasema azipokee pamoja na salamu.

Nilikuwa katika kundi la kwanza kwa miaka mingi, na hoja zake bado naziheshimu. Anayeanza Kijapani ana mzigo tayari. Ana namna mbili za kuandika silabi, ana kanji, ana vitenzi vinavyobadilika kufuatana na heshima anayostahili msikilizaji. Ukimwongezea maneno mia mbili yanayofanana kama mapacha, perapera na parapara na barabara, unamchanganya bure. Tena sarufi yake si nyepesi. Tanakali moja hufuatwa na kineno to, nyingine na kitenzi suru (fanya), nyingine na kineno ni, na maana hugeuka kidogo kila mara. Hata kupanda na kushuka kwa sauti hubadilika: barabara ikieleza jinsi matone yanavyoanguka, sauti huanza juu kwenye silabi ya kwanza kisha hushuka, ikieleza hali ya vitu vilivyokwisha kusambaratika, huanza chini na kupanda. Mgeni hasikii tofauti hiyo mpaka masikio yake yazoee.

Chukua gorogoro. Ni ngurumo ya radi. Ni jiwe kubwa linalobiringika. Ni tumbo linalonguruma, na ni paka anayekoroma kwa raha mapajani mwa mtu. Ni kichanga kinachokereketa ndani ya jicho. Na ni mtu aliyeshinda nyumbani Jumapili nzima akijigeuza mkekani bila kushika kazi. Ukimpa mwanafunzi orodha ya maana hizo sita siku moja, atakwenda nyumbani na kizunguzungu. Lakini mtu aliyekwisha kukutana na jiwe na radi na paka, kila kimoja kwa wakati wake, huona ghafla kwamba ni picha moja tu, ya kitu kizito kinachoviringika, na picha hiyo haimtoki tena. Wanaotaka subira wanasema utajiri huo haupatikani kwa kukaririshwa, na kwa hilo wako sahihi.

Wana hoja nyingine, ya heshima ya lugha. Mwandishi Mishima Yukio, mwaka 1959, aliwaonya waandishi wasiyamwage maneno haya ovyo kwa kuwa yanashusha hadhi ya maandishi. Kuna walimu wanaofuata mawazo hayo hadi leo: tanakali ni za watoto na za vibonzo vya manga, mtu mzima ajifunze lugha ya watu wazima. Hapa mimi nawaacha mkono. Miyazawa Kenji, mshairi wa mkoa wa Iwate aliyefariki mwaka 1933, alijibunia tanakali zake mwenyewe za upepo na za theluji, na Wajapani wanamhesabu miongoni mwa waandishi wao wakubwa. Kisha ingia ofisi yoyote. Kazi iliyokamilishwa dakika ya mwisho kabisa ni girigiri. Anayeifanya kwa wepesi na mpangilio anaifanya tekipaki. Mgeni anayetaka kuaga kwa adabu huanza na sorosoro, yaani wakati wa kuondoka umewadia. Haya si maneno ya watoto. Asiyeyajua huambulia nusu ya mazungumzo ya watu wazima.

Kilichonihamisha upande, hata hivyo, hakikuwa ofisi wala ushairi. Kilikuwa tumbo langu. Mwaka wangu wa pili katika jiji la Sendai, Japani, usiku wa baridi, nilishikwa na maumivu nikaenda zahanati ya jirani. Daktari, mzee mpole, aliniuliza: kirikiri, au shikushiku? Nilikuwa nimefaulu mitihani, nasoma magazeti, naandika kanji zaidi ya elfu moja. Nikamjibu itai, inauma. Akaniuliza tena, nikamjibu itai sana. Basi akaweka ncha ya kidole juu ya tumbo lake mwenyewe, akaizungusha polepole huku akiikandamiza kama keekee inayotoboa ubao, akasema kirikiri. Kisha akafungua kiganja, akakilaza palepale, akakunja uso kidogo kama mtu mwenye huzuni ya siku nyingi, akasema shikushiku. Nikaelewa mara moja. Yangu yalikuwa ya keekee.

Sijawahi kuona somo zuri kuliko lile, na sijasahau kwamba nililipata nikiwa nimejikunja kwa maumivu. Japani, daktari huanzia kwenye maneno hayo. Kichwa kinachopwita kwa kila pigo la mshipa ni zukizuki. Kinachogongwa kama kengele ni gangan. Ngozi iliyoungua ni hirihiri, kinachochoma kama ncha za sindano ni chikuchiku. Mgonjwa wa Kijapani huyatoa bila kufikiri, na daktari huanza kukisia chanzo cha ugonjwa kutokana nayo. Baada ya tetemeko kuu na tsunami ya Machi 11, 2011, wahudumu wa afya kutoka mikoa mingine walimiminika Tohoku, kaskazini-mashariki mwa Japani, kusaidia, wakakuta wazee wanaeleza maumivu kwa tanakali za lahaja zao ambazo wao hawakuzijua. Mwaka 2012 Taasisi ya Taifa ya Lugha na Isimu ya Kijapani ikatoa mkusanyo wa tanakali za lahaja za Tohoku pamoja na mifano ya matumizi, ili wahudumu wale waelewe wagonjwa wao. Ikiwa Mjapani kwa Mjapani walihitaji kijitabu, mgeni aliyepangiwa asubiri miaka mitatu ajitetee vipi akiugua mwezi wa pili?

Mezani nako ni vivyo hivyo, ingawa hapo hakuna anayekufa. Watafiti wa chakula wa Japani wamehesabu istilahi 445 za jinsi chakula kinavyojisikia mdomoni, na sehemu kubwa ni tanakali: sakusaku ya ganda jepesi la tempura, vyakula vilivyochovywa ungani na kukaangwa, mochimochi ya kitu chenye mnato mzuri wa kutafunika, hokuhoku ya kiazi kitamu cha moto kilichoiva kikawa ungaunga. Mpishi akikuuliza umeonaje, oishii, yaani tamu, pekee ni jibu la mtu asiyekuwa na la kusema.

Wanaotaka zianze mapema wana silaha nyingine wanayoipenda: kwamba sauti yenyewe hufundisha. Kijapani kina mpangilio wa kupendeza hapa. Konsonanti sighuna, isiyotetemesha koo, kama k, s na t, huleta kitu chepesi, kidogo au safi. Ukiigeuza ikawa ghuna, inayotetemesha koo, kama g, z na d, kitu kile kinakuwa kizito, kikubwa au cha karaha. Korokoro ni kokoto inayobiringika, gorogoro ni jabali. Kirakira ni nyota, giragira ni jua la saa saba linaloumiza macho. Sarasara ni nywele laini zinazoteleza vidoleni, zarazara ni msasa. Tonton ni ngo ngo ngo ya mgeni mwenye adabu, dondon ni mlango unaobamizwa ngumi. Mwaka 2016 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio ambalo Waholanzi wasiojua Kijapani walifundishwa tanakali za Kijapani, nyingine kwa maana yake ya kweli, nyingine kwa maana iliyogeuzwa kinyume. Zile za maana ya kweli walizikumbuka vizuri zaidi. Walipofundishwa vivumishi vya kawaida kwa njia hiyohiyo, tofauti haikuonekana.

Ni ushahidi mzuri, ila nimewaona wenzangu wakiunyoosha kupita kiasi. Jaribio lile lilipima kukumbuka neno ambalo mtu amekwisha kuambiwa maana yake. Halisemi kwamba atalifumbua mwenyewe. Hakuna sikio litakaloisikia njaa katika pekopeko, au umahiri wa kuzungumza lugha katika perapera. Sauti inalishika neno lisidondoke, lakini lazima kwanza mtu akukabidhi neno hilo pamoja na kile linachokieleza. Hapo ndipo daftari la mwanafunzi wangu lilipokosea. Alizianza mapema, sawa, lakini alizichukua zikiwa peke yake, kama kokoto mfukoni.

Na sisi tunaozungumza Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona kosa hilo. Nilipokuwa shule ya msingi tulikaririshwa tanakali kwa ajili ya mtihani: anguka majini chubwi, anguka mchangani tifu, anguka matopeni tapwi, anguka chini pu. Ulikuwa ukariri, sikatai. Lakini hakuna mwalimu aliyetupa chubwi bila maji yake, wala fofofo bila kulala, wala pe bila weupe. Tanakali ilikuja imeshikana mkono na kitenzi chake, na ndiyo maana hadi leo siwezi kukosea nikasema mtu ameanguka majini tifu. Kijapani kinaishi hivyohivyo, tofauti ni mahali pa kukaa tu. Sisi tunaiweka nyuma ya kitenzi, wao wanaitanguliza. Sisi tunalala fofofo, wao gussuri neru. Mtu anayekukodolea macho bila haya, jirojiro miru. Hata ukimya wana sauti yake: chumba kikiwa kimya jii, wao wanasema shiin, na wachoraji wa manga huiandika kwa herufi kubwa juu ya chumba kitupu. Sijui lugha nyingi zinazothubutu kuupa ukimya sauti. Zetu mbili zinathubutu.

Kwa hiyo siku hizi naanza nazo mapema, lakini chache, na kila moja na kitenzi chake. Muhula wa kwanza natoa kama ishirini: za maumivu zikitangulia, kisha njaa na usingizi, kisha mvua, kwa kuwa mvua huzungumzwa kila siku. Girigiri na tekipaki zinangoja wanaoajiriwa. Gorogoro naigawa, naanza na radi, paka atafuata baadaye. Wenzangu wanaotaka subira wananiambia ishirini zitazaa mia, na mia zitaleta orodha ileile. Hofu yao naielewa, na kuhusu kupanda na kushuka kwa sauti sina jibu la kuwaridhisha. Wanafunzi wangu bado wanaikosea.

Daftari lile tulilifanyia kazi pamoja. Tulifuta tafsiri zote nne. Badala ya zaazaa peke yake akaandika ame ga zaazaa furu, mvua inanyesha zaazaa, akachora ndoo chini ya bomba la bati. Shitoshito akaifanya mvua ya usiku inayonyesha taratibu bila kelele, unaijua asubuhi tu ukikuta ardhi imelowa. Parapara ikawa rasharasha, matone machache yaliyotawanyika, hapa limegonga, pale hakuna. Potsupotsu akaitafuta muda mrefu, mwisho akasema, "Mwalimu, si ni yale matone ya mwanzo, mama anapopiga kelele nguo zianuliwe?" Ni hayo hasa.

Jumatano hakufika darasani. Ujumbe wake ulikuwa wa sentensi moja: atama ga zukizuki shimasu. Nikajua kichwa kinapwita, hakigongi. Nikamjibu apumzike gizani.